Nakala ya Pili

Wodi ya Wanawake, kitanda cha tisa
Jumanne, baada ya chai ya saa nne

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nianze na goti lako. Linaendeleaje? Na presha je, dawa unameza au bado unazisahau juu ya kabati halafu unamsingizia mjukuu? Natumaini barua hii itakukuta huna homa, umeshiba, na umekaa. Kama umesimama, tafadhali tafuta kiti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Ukiniuliza hali yangu, ningependa kukujibu kama tulivyolelewa, kwamba sijambo namshukuru Mungu. Mungu namshukuru, lakini sijambo si kweli. Daktari wa hapa, kijana wa rika la mjukuu wako, aliniambia Jumapili kwamba moyo umechoka na figo nazo zimeanza kuufuata. Nikamuuliza ni miezi au ni wiki. Akatazama viatu vyake. Nimekaa na mawakili miaka thelathini na mmoja, mdogo wangu. Mtu akitazama viatu vyake nalijua jibu. Kwa hiyo naandika leo, wakati kalamu bado inakubali kushikwa, na ukiona mistari inapanda na kushuka usidhani nimelewa.

Wodi yenyewe si mbaya. Ina vitanda kumi na viwili na haina siri hata moja. Muuguzi wa asubuhi ana sauti ya mnadani. Husimama mlangoni akauliza kama bibi wa kitanda cha tisa amepata choo, na wanawake kumi na mmoja hunyamaza wasikie jibu langu. Jirani yangu wa kitanda cha nane nimempa jina la Mpelelezi. Juzi alikuja mgeni kunitazama, na kabla sijafungua mdomo Mpelelezi alikwisha kumpa habari zote za mkojo wangu, rangi na kiasi. Tulicheka sana. Kisha nikageukia ukutani nikalia kimya kimya, maana nilimkumbuka msichana mmoja aliyeahidiwa na mahakama nzima kwamba siri ya mwili wake haitatoka, na ikatoka.

Unajua nani ninayemsema. Ni mwanao. Ni mwanangu pia, kwa kuwa mimi ni mama yake mkubwa, ingawa tangu siku ile sijastahili kuitwa hivyo.

Barua yako niliipata Jumamosi na nimeisoma mara nne. Umeniambia amerudi baada ya miaka ishirini na minane, ana mvi pembeni mwa kichwa kama marehemu mama yetu, amefikia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya stesheni, na Jumamosi hii anaondoka kurudi huko anakoishi, pengine asirudi tena. Umeniambia amekutumia ujumbe kwamba atavuka kizingiti chako kwa sharti moja tu: umtamkie kwa kinywa chako kwamba ni wewe uliyelitoa jina lake kwa mwandishi wa gazeti, umwombe radhi, naye atakusamehe, yaishe. Na umeniambia umeapa kwamba hutakiri dhambi isiyo yako, hata kama ndiyo bei ya kumwona mtoto wako. Maneno yako ninayo hapa chini ya mto: "Dada, picha nilitoa, jina sikutoa. Heri nife nalo."

Usife nalo. Nisikilize kwanza. Nitaanzia mbali kidogo, maana nimezoea kumbukumbu za kesi zianze na tarehe, na nikiruka hatua nitaogopa na kuacha kuandika.

Daktari wa zahanati ya kona unamkumbuka, yule ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Alishtakiwa kwamba alimtoa msichana mimba kinyume cha sheria. Yeye akajitetea kwamba msichana aliletwa akivuja damu, mimba imekwisha kuharibika, na kwamba angesubiri robo saa zaidi angekabidhi maiti. Ili ukweli ujulikane ilibidi msichana mwenyewe aitwe aeleze. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amebakiza muhula mmoja kumaliza chuo cha ualimu. Jumapili kabla ya kesi alikuja akakwambia yote jikoni kwako, ukamwapia kwamba hutasema hata kwa ukuta. Hilo ulinisimulia mwenyewe baadaye, mambo yalipokuwa yameharibika.

Jaji wetu alikuwa mama mmoja mkali tuliyemwita Kifimbo, kwa jinsi alivyowachapa mawakili kwa maneno. Lakini siku ile alisema kwa upole kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema mgonjwa aliyekwenda kwa daktari kutafuta uhai wake hakwenda kutafuta umaarufu, na kwamba mahakama ikishindwa kulitunza jina lake, mgonjwa atakayefuata ataona heri afie nyumbani. Akaamuru ushahidi usikilizwe faragha, na katika kila karatasi msichana aitwe Shahidi J, basi. Jina lake halisi lichapwe mara moja tu, kwenye karatasi moja tu, karatasi itiwe kwenye bahasha, bahasha ipigwe lakiri na kufungiwa ndani ya kabati la chuma.

Karatasi hiyo nilipewa mimi niichape. Nilikuwa karani mkuu wa masjala, na hapakuwa na jalada lililowahi kupotea mkononi mwangu. Msajili aliniletea kikaratasi chenye mwandiko wa Jaji. Nikasoma jina. Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Kanuni ilikuwa wazi: karani akikuta ndugu yake ndani ya jalada aseme, ajitoe, kazi apewe mwingine. Sikusema. Nilijiambia kwamba siri ya mtoto wetu heri ipite mikononi mwangu kuliko mikononi mwa mtu baki. Upendo ulikuwamo, sikatai. Na kiburi kilikuwamo, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Nikachapa. Msajili akachukua karatasi, akaitia kwenye bahasha, akayeyusha lakiri nyekundu mbele yangu, akagonga mhuri. Hiyo ilikuwa Jumanne kama leo.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Jumamosi yule mwandishi alibisha hodi kwako, mtanashati, kalamu mbili mfukoni, akakwambia gazeti lao linaandika habari za mabinti wanaokaribia kuwa walimu. Ulimpa kiti cha mgeni. Ukaiteremsha picha ukutani kwa mikono yako, ile aliyovaa sare ya chuo na kola nyeupe. Mama gani mjane, aliyemsomesha mwanawe kwa cherehani, angekataa? Jumatatu picha ikatoka ukurasa wa mbele, na juu yake majina matatu kamili, na maneno ambayo sitayarudia. Chuo kikamfukuza kabla ya saa sita mchana. Alipofika nyumbani aliona ule mraba mweupe ukutani mahali picha ilipokuwa. Alikuuliza swali moja tu, nani alitoa picha. Ukasema, mimi. Hakungoja la pili.

Kule mahakamani, asubuhi ile ile, Kifimbo aliwaka moto. Bahasha ikatolewa kabatini, ikawekwa mezani mbele yetu sote. Lakiri ilikuwa nzima, haina hata ufa. Basi ikaonekana kwamba jina limetoka kwa mdomo wa mtu, na macho yote yakamgeukia tarishi wetu, Redio. Tulimwita hivyo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alitutangazia nani amepandishwa cheo, nani amekosana na mumewe, wakili yupi amevaa soksi mbili tofauti. Na yeye ndiye aliyebeba kile kikaratasi kutoka kwa Jaji hadi kwa Msajili. Hawakuhitaji ushahidi zaidi. Akafukuzwa baada ya miaka kumi na tisa ya kazi, bila hata mkono wa kwaheri. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimwona njiani unatema mate chini. Nilikuwa nawe mara moja ulipofanya hivyo, na niliendelea kutembea.

Alikuja masjala kuniaga. Alisimama kaunta kofia mkononi, akasema, "Bibi Karani, redio ikizimwa ndipo watu husikia panya." Nikadhani anatania, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Akavaa kofia yake, akaenda.

Panya nilikuwa mimi, mdogo wangu.

Sasa nalisema, na baada ya kulisema siwezi tena kulirudisha. Ofisini kwetu tulikuwa na msemo: kisicho na nakala hakikuandikwa. Kwa miaka mingi mkono wangu ulichukua karatasi mbili na kaboni katikati, kama mguu unavyozitafuta kandambili chini ya kitanda bila macho kutazama. Siku ile akili yote ilikuwa kwenye jina, na mkono ukafanya ulivyozoea. Karatasi ya juu nikampa Msajili. Ile ya pili niliipiga mhuri wa tarehe, nikaitoboa matundu mawili, nikaiandika namba arobaini na mbili pembeni, nikaipanga ndani ya jalada la nakala. Hata sikumbuki nikifanya hivyo. Naujua mwandiko wa ile namba tu, na ni wangu.

Jalada la nakala lilikuwa la kusomwa kaunta. Wakili yeyote, mwandishi wa gazeti yeyote, aliruhusiwa kuliomba. Alhamisi yule mtanashati alikuja akaliomba. Nililitoa rafuni kwa mikono hii hii, nikamkabidhi, nikamwonya vikali asilitoe nje ya chumba. Akanishukuru kwa adabu. Jina la mwanao alitoka nalo kwangu siku mbili kabla hajaugusa mlango wako. Alichokuja kutafuta kwako ni uso tu.

Nililitambua kosa Jumatatu asubuhi, gazeti likiwa mezani. Jina la babu lilikuwa limetangulia, kisha la baba, la kwake mwisho. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiandika sisi masjala. Hakuna mama duniani anayemtaja mwanawe namna hiyo. Nilikimbilia rafu, nikafungua jalada, nikaikuta. Nikaichomoa, nikaikunja mara nne, nikaificha kifuani ndani ya nguo. Nilipoinua macho, Redio alikuwa mlangoni na kikombe cha chai yangu. Alikiweka mezani, akasema imepoa kidogo, akatoka. Mtu aliyetangaza kila kitu, hilo peke yake hakulitangaza. Hakulisema mbele ya Jaji, hakulisema alipokuwa akifukuzwa, hakulisema ulipokuwa ukimtemea mate. Sijui kwa nini. Sikupata ujasiri wa kumuuliza, na mwaka juzi alifariki, na mazikoni sikwenda.

Daktari aliachiwa huru miezi miwili baadaye. Kifimbo alisoma hukumu kwamba hapakuwa na kosa lolote, kwamba alimwokoa msichana. Mimi ndiye niliyeichapa hukumu hiyo. Humo ndani alikuwa Shahidi J, kila ukurasa, na mji mzima ulikuwa unalijua jina lake.

Ningeweza kuishia hapo nikasema ni kosa la mkono. Mungu hupima kosa la mkono kwa kipimo chake. Lakini liko la ulimi, na hilo ndilo linalonifanya nisilale.

Mchana ule alipotoka kwako alikuja kwangu. Begi moja, macho makavu. Nilimpa chai, hakunywa. Akaniuliza, "Mama Mkubwa, kule ofisini kwenu jina lingeweza kutoka?" Alikuwa ananiuliza mimi, mtu pekee aliyebaki wa kumuuliza. Nikamjibu kwamba bahasha nimeiona kwa macho yangu, lakiri yake nzima, haijaguswa. Nilikuwa nasema kweli tupu, mdogo wangu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Akainamisha kichwa akasema, "Basi ni mama." Ile karatasi ilikuwa bado kifuani mwangu. Nilikuwa naisikia inanikwaruza kila nikivuta pumzi. Nilihitaji kusema neno moja tu, hapana. Badala yake nikasema, "Mama yako unamjua. Mdomo wake unamponza siku zote."

Nilikusema hivyo. Wewe, uliyekuwa ukinichekesha utotoni mpaka nikajikojolea, uliyeniuguza nilipoharibikiwa na mimba zangu mbili ambazo hakuna mahakama iliyowahi kuuliza habari zake. Nilikugeuza msaliti kwa sentensi moja, ili nisikose kazi na nisifungwe. Kisha nikambebea begi mpaka stendi. Alipopanda gari alinipungia mkono kupitia dirishani, akanishukuru.

Utaniuliza kwa nini sikusema baadaye. Mwanzoni niliogopa jela. Nilipostaafu, niliogopa macho yako. Halafu kila mwaka ukawa kama kufuli jingine juu ya mlango ule ule, na ulipokuwa ukinililia nilikuwa nakufariji, nikawa hodari sana wa kukufariji. Mara tatu nimeanza barua hii. Mara tatu nimeichoma. Ile karatasi ya namba arobaini na mbili sikuweza kuichoma wala kuichana. Karani hachani karatasi. Niliishona ndani ya mto wangu wa kiti, nikaukalia kwa miaka ishirini na minane, na nilipolazwa nikaja nao huku wodini.

Ndani ya barua hii utakuta bahasha ndogo. Usiifungue. Nakusihi kwa ziwa tulilonyonya, usiifungue, na asiifungue mwingine. Mpelekee mwanao leo, au kesho asubuhi kabla jua halijakuwa kali kwa goti lako. Usiende kumwomba radhi, maana huna kosa. Ukifika mpe barua yangu aisome yote, hata pale nilipoandika mabaya, hasa pale. Kisha mpe bahasha. Atakuta mhuri wenye tarehe ya Jumanne, na matundu mawili, na namba. Akumbuke kwamba picha ilitoka ukutani Jumamosi. Kile kipande cha gazeti nina hakika bado anacho, watu hawatupi vitu vya namna ile. Akiweke kando ya karatasi yangu atazame majina yalivyopangwa. Haitahitaji wakili.

Akitaka kuichana, aichane. Akitaka kuipeleka kwa Jaji yeyote aliye hai, aipeleke, bado nipo hapa wanipate. Jina ni lake. Lilichukuliwa likapitishwa mkono kwa mkono na watu ambao hawakumwomba ruhusa, na mimi nikiwa wa kwanza. Arudishiwe mwenyewe.

Najua una hasira sasa hivi. Naijua sauti yako ukiwa na hasira, unavyosaga meno kwanza. Kaa nayo, ni haki yako, hata ukiamua kutokuja kunizika nitakuwa sina neno. Lakini usiniadhibu kwa kuchelewa. Chukua hasira yako, chukua fimbo yako, mwende wote watatu mpaka stesheni. Jumamosi ikipita, mimi sitakuwa na nguvu ya kuandika nyingine, na wewe utabaki na mraba mweupe ukutani mpaka mwisho.

Utaona kwamba humu ndani sijaandika jina lake hata mara moja, wala lako. Barua hupita mikono mingi. Hii anaibeba binti wa Mpelelezi, ambaye anakaa mtaa wa pili kutoka kwako. Mtoto mwema. Alijitolea kuipiga picha kwa simu yake ili ikufikie leo leo. Nikamwambia hapana, mwanangu, hii haina nakala. Mama yake alijinyoosha kutoka kitanda cha nane kujaribu kusoma, na kwa mara ya kwanza tangu nilazwe nikamkaripia mtu.

Nisalimie mjukuu, mwambie dawa za bibi yake zisipatikane tena juu ya kabati. Ukimwona mjane wa Redio, msalimie kabla hujafika kwake, kutoka mbali, ajue leo hutemi mate. Na ukimpata mwanao mlangoni, kabla hujasema lolote, mwambie Mama Mkubwa amekiri kwamba mdomo ulioponza watu haukuwa wa mama yake.

Mimi dada yako,
bado kitandani, bado nasubiri